Dada Enito Kuhu

Mdogo wangu Mkia,

Pokea salamu za dada yako, ambaye bado anapumua, bado ana hasira na bado anakupenda. Hujambo? Koo halijambo? Nimeanza na koo kwa sababu nimelisikia likifanya kazi ambayo koo la binadamu halikuumbiwa, na mimi niliyekusugua kifua kwa mafuta kila ulipokohoa nina haki ya kuuliza. Unakula vizuri? Wanakulaza kitandani au wanakuning'iniza darini kama popo? Usinune, natania. Mimi sijambo, ukiacha mgongo unaoniuma kwa kusimama kutwa. Baba yupo. Habari zake ni ndefu na nitazifikia, ila nakuomba usiruke mistari kuzikimbilia, kwa sababu nikianza nazo nitalia na barua haitaandikika.

Kwanza uelewe imekufikiaje. Nimeikunja mara nyingi nikaishona ndani ya upindo wa joho lako jipya, upande wa kushoto, mahali unapopafinya ukiwa na wasiwasi. Nimeona kwenye video ya bendi yenu kwamba hujaacha. Utotoni ulifinya ncha ya shati mpaka likatoboka, leo unafinya joho la mashetani. Mshono ni wangu, utautambua kwa ubaya wake.

Usidhani sikujaribu njia za kawaida. Simu yako haipatikani tangu mwaka uliopita. Nikaandika kwenye ukurasa wa bendi yenu, nikajieleza kwa adabu zote kwamba mimi ni dada yako wa tumbo moja, nikaomba unipigie. Nikajibiwa palepale: asante kwa kuwa sehemu ya giza letu. Nikaandika tena, safari hii kwa ukali kidogo, nikasema Baba amepata kiharusi. Nikajibiwa vilevile, asante kwa kuwa sehemu ya giza letu. Mara ya tatu nilitukana, Mungu anisamehe, na giza likanishukuru tena. Nikajua sizungumzi na mtu, nikaacha.

Sasa nikusimulie jinsi ulivyonijia kazini. Bado niko kwenye ile karakana ya kuchapa fulana. Siku moja bosi akaingia na oda kubwa, nilipoliona jina la bendi moyo ukanilipuka, lakini nikaufunga mdomo wangu. Mlikuwa mnatoa video ya lile onyesho kubwa mlilopiga na okestra nzima, na meneja wenu alitaka fulana nyeusi za kuuzwa pamoja na video hiyo, na majoho matano ya kuvaa kwenye onyesho la uzinduzi. Nikuambie kweli, nilikuwa sijawahi kuusikiliza muziki wenu. Nilijaribu mara moja tu, nikazima upesi nikidhani simu imeharibika.

Kazi yangu ni ya karatasi. Picha na maneno huchapwa kwanza kwenye karatasi yakiwa yamegeuzwa, kama unavyoyaona kwenye kioo, halafu karatasi inalazwa juu ya fulana na mashine ya moto inayahamisha, ndipo yanasomeka. Mimi ndiye ninayezikagua karatasi kabla hazijaenda motoni, kwa hiyo nimezoea kusoma mambo yaliyogeuzwa kuliko yaliyokaa sawa. Nikakagua na zenu: mabawa, mifupa, miiba mingi, na chini yake mstari mmoja wa herufi zenye ncha kali. Wino ulikuwa umekolea, kingo zilikuwa safi, nikazipitisha. Macho yangu yalikuwa yanatafuta kasoro, hayakutafuta maana.

Anayesimamia mashine ya moto tunamwita Fundi Pasi. Ni baba wa watoto wanne, ana kitambi, na ana sauti ya upole kiasi kwamba akiomba umsogezee mkasi unadhani anaomba msamaha. Kumbe mtu huyo ni shabiki wenu kindakindaki! Alipoinua mpini wa mashine na kuona fulana ya kwanza imetoka safi, furaha ikampanda, akapanua kifua na kuunguruma ule mstari kwa sauti ambayo hatukujua anayo: Dada enito kuhu! Mdogo wangu, mimi sikufikiri. Mdomo wangu ulijibu wenyewe, mbele ya karakana nzima, kwa sauti kubwa kuliko yake: Jana!

Kila mtu akaacha alichokuwa anafanya. Fundi Pasi akaniuliza jana kulitokea nini. Nikasema hakuna kitu, nimekumbuka tu kwamba nimeacha nguo kwenye kamba tangu jana. Kisha nikaenda chooni nikajifungia, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Huna haja ya kukumbushwa, lakini acha nikukumbushe, maana huko uliko huenda hata kukumbuka kumepigwa marufuku. Kosa lako kubwa lilikuwa kelele. Ulipiga masufuria, ulipiga meza, ulipiga mabati ya bafuni, na Baba, aliyeshinda na milio ya tupa na vyuma masikioni, alikukamata mkono akakuweka stoo na kufunga mlango kwa ufunguo mpaka utulie. Mama alikuwa ameshatutoka, hukuwa na wa kukutetea ila mimi. Na Baba hakwenda mbali. Alikaa palepale sebuleni kwenye meza yake ya ufundi kufuli, ametupa mgongo, anachonga funguo za watu. Ndipo tukaianza ile lugha ya kuchukua mkia wa neno na kuuweka kichwani. Watoto wote huicheza, ila sisi tulikimbia nayo mpaka hakuna aliyeweza kutufuata. Huku ikawa kuhu. Nitoe ikawa enito. Mlango umefungwa ukawa ngomla ngwaumefu. Dada ikabaki dada, kwa sababu neno hilo ukiligeuza linarudi vilevile, na siku ulipoligundua hilo ulifurahi kama uliyeokota kitu, ukasema kwamba dada hageuziki. Nami nikikujibu naja, ilitoka jana. Baba akiuliza jana kuna nini, tulicheka mpaka mbavu zikauma, kila mmoja upande wake wa mlango. Kisha nilingoja ainame kwenye kazi yake, nikachukua ufunguo msumarini, nikakufungulia.

Basi wakati wa chakula cha mchana nikamwomba Fundi Pasi anionyeshe hiyo video. Alifurahi kama mtu aliyeombwa picha za wanawe. Akafuta kioo cha simu kwa shati lake, akaniwekea tangu mwanzo, huku akinielimisha kwamba muziki huo unaitwa bleki metali ya simfonia, na kwamba bleki metali isiyo na fidla ni ya watoto wa shule. Sikubishana naye.

Niseme haki, mlipendeza. Wapiga fidla walikaa safu kwa safu na nyuso zao za kawaida, kama watu wanaongoja kuitwa kwenye usaili wa kazi. Nyuma yao kwaya ya watu wazima wenye miwani ya kusomea. Na mbele ninyi watano mmepakwa chokaa na masizi, moto unaruka huku na huku, mpiga ngoma anapiga kama mtu anayefukuza nyuki. Nilitaka kucheka. Lakini zile fidla zikawa zinapanda, zinapanda, kwaya ikaingia chini yake, na mikono ikanisisimka bila idhini yangu. Na wewe ulikuwa katikati. Ningekutambua hata wangekuchovya kwenye pipa la lami. Ulisimama umekunja mguu mmoja kama ulivyosimama ukingoja kukaripiwa, na mkono wa kushoto ukifinya joho.

Wimbo wa mwisho ulipofika, okestra ikanyamaza na taa zikazimwa zote isipokuwa moja iliyokuangukia wewe. Ukaunguruma: Dada enito kuhu, ngomla ngwaumefu. Na maelfu ya watu wakayarudisha maneno hayohayo, mikono juu, kwa furaha. Ukarudia mpaka sauti ikakupasuka, nao wakashangilia kupasuka kwake. Fundi Pasi akanigeukia, macho yamemlowa, akanieleza kwamba hiyo ni lugha ya kale iliyosahauliwa, lugha ya pepo wa chini ya ardhi, na kwamba Dada ni malkia wa giza anayeombwa aje na mabawa yake. Akasema binamu yake amejichanja maneno hayo mkononi kwa sindano na wino. Mimi nikaendelea kutafuna mkate. Malkia mwenyewe alikuwa amevaa aproni yenye madoa na viatu vya plastiki.

Sikumkasirikia, hakujua. Kilichoniumiza ni kuwaza kwamba kila jukwaa unalopanda unaomba kutolewa, na kadiri unavyoomba kwa uchungu ndivyo wanavyozidi kukupenda na kutaka ubaki palepale. Sasa wameuweka mstari huo kwenye video na kwenye fulana, na nadhani wewe mwenyewe huwezi tena kuuacha hata ukitaka.

Baada ya nyimbo kuna kipande cha nyuma ya jukwaa. Meneja wenu, yule anayevaa miwani ya jua hata sebuleni, anatembeza kamera katika nyumba mnayoishi. Anaeleza kwa majivuno kwamba simu zote hukusanywa, kwamba wewe unaitwa Asiyesema, huongei na mtu wala huonekani bila rangi usoni, na kwamba fumbo ndilo linalouza. Kamera ikapita kwenye korido mbele ya mlango mmoja, naye akasema humo ndimo giza linamolala. Fundi Pasi akacheka. Mimi nikamwomba arudishe nyuma kidogo. Mtoto wa fundi kufuli hutazama mlango kabla ya kumtazama mtu, na mlango ule ulikuwa na komeo kwa nje. Komeo jipya, na kufuli kubwa la shaba linaning'inia. Sijui nyumba gani hufunga chumba cha kulala kwa nje.

Nikajiambia labda ni maigizo, watu wa muziki hawaishiwi vituko. Nikaichukua namba ya meneja kwenye oda nikampigia, nikijifanya naulizia vipimo vya majoho. Katikati ya mabega na urefu nikachomeka swali kama huyu Asiyesema ana ndugu. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayetabasamu kwamba hana ndugu na wala hakuzaliwa. Mimi niliyekuwepo unazaliwa, niliyetumwa maji ya moto nikayamwaga mlangoni kwa woga! Nikamwomba basi anitajie upana wa kifua chako. Alipoutaja nikajua umekonda sana.

Nyumbani nilirudi na hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yako. Usishangae. Nilisema moyoni kwamba wewe una umati mzima wa kupokea kilio chako, mimi nikilia ananisikia nani? Tangu Baba aanguke sijalala nyumba ya mtu, sijacheza harusi ya mtu. Yule mchumba niliyekutajia alingoja, akachoka, akaoa, na zawadi nilimpelekea kwa mkono wa mtu kwa sababu hakukuwa na wa kubaki na Baba. Natoka kwa Baba nakwenda kazini, natoka kazini nakwenda kwa Baba. Nilikuwa naona kama ulikimbia ukaniachia nyumba nzima mgongoni, na sasa hata kutolewa unataka nikutoe mimi.

Nimefika kwa Baba. Upande wake wa kulia umekufa ganzi na mkono wa ufundi haushiki kitu. Maneno yalimpotea yote, baadaye yakarudi machache, yamechanganyika. Mguu unamruhusu kujikokota. Siku moja alitoka nikiwa kazini, akakutwa mlangoni kwa duka la mtu asiyemjua, anapapasa kufuli. Walimdhania mwizi. Kama Mama Jirani asingepita pale kwa bahati, tungekuwa tunazungumza mengine. Kuanzia siku hiyo nikawa namfungia. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kila asubuhi nilimlisha, nikamkalisha karibu na dirisha, nikamwekea maji upande wa mkono mzima, nikatoka na kupachika kufuli kwa nje. Mama Jirani alimchungulia dirishani kila alipopata nafasi.

Na kila asubuhi, nikigeuza ufunguo, Baba alisema jambo lilelile kutoka ndani kwa ulimi wake mzito: enifunguli, ngumwana. Nikamweleza muuguzi, akaniambia ndivyo kiharusi kinavyovuruga maneno, nisihangaike kuyatafutia maana. Mimi nikajitafutia. Ile ngumwana nikaona analalamika kwamba chakula ni kigumu, nikaanza kumlowekea mkate kwenye chai. Ile enifunguli nikaona anaikumbuka kazi yake, nikamletea kopo la funguo zake za zamani achezee. Alizitazama zile funguo, akanitazama mimi, kisha akazipokea.

Jioni ile niliyorudi na hasira nikaketi karibu naye na simu yangu, maana Fundi Pasi alikuwa amenirushia video. Sikumwekea Baba. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba masikio yangu hayakunidanganya. Yeye alikuwa anatazama nje. Ulipofika ule wimbo ukaunguruma, kichwa chake kikageuka polepole. Umati ulipojibu, mabega yakaanza kumtikisika, nikaruka nikidhani kiharusi kimerudi, kumbe anacheka, na machozi yanamshuka. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha ukuta kando ya mlango wa stoo, akasema taratibu, silabi moja moja, kama mtu anayemfundisha mjinga: emfunguli. Akarudia: emfunguli, ngumwana.

Mfungulie, mwanangu. Mkia, Baba alikuwa anaijua. Aliijua siku zote. Miaka yote ile aliyotupa mgongo kwenye meza yake alikuwa anasikia kila neno. Mkono wake ukaendelea kuonyesha ukutani, nami nikautazama ule msumari ambao bado uko pale. Misumari mingine yote ya nyumba hii, wa kofia, wa koti, wa kalenda, aliipigilia juu, usawa wa kichwa chake. Ule mmoja uko chini, chini ya kiuno changu cha leo. Ni mahali ambapo mkono wa mtoto wa kike unafika bila kupanda kiti.

Sijui nimpende zaidi kwa ajili ya msumari huo, au nimchukie zaidi kwa sababu alikusikia ukiomba na hakugeuka. Nimejaribu yote mawili na yote yananishinda. Lakini kilichonivunja si hicho. Kilichonivunja ni zile asubuhi. Nifungulie, mwanangu. Mzee yule hajawahi kuomba kitu maishani mwake. Alipofungiwa akanisihi kwa lugha ya mtoto aliyemfungia, kwa sababu ndiyo aliyoisikia ikiombewa nyuma ya mlango, na akaamini kwamba mimi kati ya watu wote nitaielewa. Nami nilimlowekea mkate. Nilimpa kopo zima la funguo na hakuna hata moja iliyofungua mlango wake.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, sikujali majirani. Nilitaka kumwomba radhi na maneno ya kawaida yakakataa kutoka, nikamwambia henisame, Baba. Akanipapasa kichwa kwa mkono wake mzima. Nikagundua kwamba hata baba ukiligeuza linarudi vilevile, jambo ambalo tulilijua utotoni ila hatukuwahi kulisema.

Nimekaa nikafikiri, nikaona familia yetu haijui kuomba kwa maneno yaliyonyooka. Baba anaomba kwa kinyume, wewe kwa kuunguruma, mimi kwa kununa. Kesho yake nikajikaza nikaenda kwa Mama Jirani, nikamwomba kwa Kiswahili kilichonyooka kama anaweza kuhamishia cherehani yake sebuleni kwetu awe anashinda na Baba. Akaniambia kwamba alikuwa anangoja nimwambie tangu mwanzo, ila alinionea haya kwa jinsi ninavyojifanya chuma. Kufuli nimelitoa mlangoni. Sasa Baba anashinda barazani, anasalimia wapita njia kwa maneno ambayo nusu yake nayaelewa mimi peke yangu.

Fundi Pasi nimemweleza yote. Aliuliza kama maana yake ni kwamba malkia wa giza ni mimi. Nikamwambia ndiyo. Akaniomba radhi kwa siku aliyonigombeza juu ya kuchelewesha karatasi. Majoho yanatangulia kwenu, ila yeye ndiye atakayepeleka fulana kwenye ukumbi wa uzinduzi kwa gari la karakana, na mizigo huingilia mlango wa nyuma. Mimi nitakuwa naye. Baba pia, kwa sababu amekataa katakata kubaki, na unamjua Baba, akikataa kwa mkono mmoja ni sawa na kukataa kwa miwili.

Sasa sikiliza. Huenda nimekosea. Huenda lile kufuli ni la kupigia picha, huenda umeridhika na hayo maneno umeyaweka kwenye wimbo kwa sababu yana mlio mzuri. Ikiwa ni hivyo, wimbo wa mwisho ukifika imba maneno mengine yoyote. Nitapiga makofi kama watu wengine, nitamwonyesha Baba mwanawe kwa mbali, na tutarudi nyumbani bila kinyongo. Lakini ukiyaimba yaleyale, taa zikizimwa shuka jukwaani upande wa kushoto na uje moja kwa moja kwenye mlango wa mizigo. Mkataba, meneja na maneno ya watu tutayapigania baadaye, mchana, ukiwa umeshanawa uso. Na ikitokea wamekufungia kabla sijakufikia, usipige mlango ukaumiza mikono. Kaa karibu nao usikilize. Tangu juzi Baba ana mfuko wake wa zana mapajani. Nilimwambia kwamba mkono wenyewe mmoja na unatetemeka, akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja.

Mama Jirani anakusalimu, anasema lile dirisha lake ulilolivunja alishakusamehe. Fundi Pasi anakusalimu kwa heshima kubwa na anasisitiza unywe maji ya uvuguvugu. Baba hakutuma salamu. Amenituma nikuulize kufuli lile la shaba ni la aina gani, maana kwenye video halikuonekana vizuri.

Sina zaidi ila neno moja, na ukifika hapo ulitamke kwa sauti hata kama kuna mtu nje ya mlango wako. Akikuuliza kuna nini, mwache ashangae.

Jana.

Ni mimi dada yako,
asiyegeuzika